Raba laini za kukimbilia kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu akitaka kununua raba za mazoezi, kwa hiyo yote yapo hapa sehemu moja. Naongelea zile raba zenye foami ya kutosha chini, za kukimbilia barabarani siku nyingi za wiki. Za mashindano zenye plati ya kaboni na zile za porini zina mambo yake, sitazigusa sana.

Raba ya mazoezi ya kila siku ni ipi hasa?

Ni ile unayovaa siku ambazo hamna cha maana kinachotokea, yaani mbio nyepesi, mbio ndefu za taratibu, siku ya kulegeza miguu baada ya mazoezi magumu. Mifano ambayo wengi wanaijua ni Nike Pegasus (ipo toka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bado wanaitoa), Brooks Ghost, Asics Gel-Nimbus, Hoka Clifton, New Balance 1080, Saucony Triumph. Uzito wake mara nyingi ni gramu 250 mpaka 300 kwa saizi ya kati ya wanaume. Kazi yake ni kubeba kilomita nyingi bila kukusumbua, spidi ni kitu cha ziada tu, na ndo maana kuipima kwa vigezo vya raba ya mashindano ni kuionea.

Nikiibonyeza kwa kidole nikaona laini, si ndo nzuri hiyo?

Hapana, na hili ndo swali linalopoteza watu wengi kuliko yote. Ukikimbia, kila mguu ukitua unapokea nguvu ya kama mara mbili mpaka tatu ya uzito wako, sasa kidole gumba kitakuambia nini kuhusu hiyo nguvu? Kuna foami ukiibonyeza unaona kama mkate lakini ukianza kukimbia inabonyea yote mpaka chini na unahisi lami inakugonga, alafu kuna nyingine ukisimama nayo unaiona ngumu ngumu ila ukikimbia inafunguka vizuri tu na mguu unatulia.

Kitu kingine ni kwamba mwili nao unajirekebisha. Ukiwa juu ya kitu laini mguu hua unakakamaa zaidi, ukiwa juu ya kitu kigumu unalegea, kwa hiyo kuongeza ulaini chini sio lazima kupunguze kishindo. Kuna utafiti wa 2018 ulilinganisha raba ya Hoka yenye soli nene na raba ya kawaida ya Brooks, na ile nene ndo ilionyesha kishindo kikubwa zaidi watu walipokimbia kwa kasi. Haimaanishi soli nene ni mbaya, ila inatosha kukufanya uache kuchagua raba kwa kidole.

Na ulaini ukizidi kuna gharama yake, mguu unayumba, kifundo kinafanya kazi ya ziada kila hatua, na hiyo hutaiona kilomita ya kwanza, utaiona mwishoni umechoka. Mi kwangu raba laini isiyotulia ni mbaya kuliko raba ngumu kidogo iliyotulia.

EVA, TPU, PEBA... si zote ni foami tu?

Zote ni foami, hayo ni majina ya plastiki zinazotengenezwa nazo, ila tabia zake tofauti.

EVA ndo ya zamani na bado ipo kwenye raba nyingi sana. Ni nyepesi, bei yake rahisi kuitengeneza, inaweza kufanywa laini au ngumu. Ubaya wake inachoka mapema kuliko nyingine, na kwenye baridi kali inakakamaa hadi unajiuliza kama ni raba ile ile.

TPU ilipata umaarufu 2013 pale adidas walipotoa Boost waliyoitengeneza na kampuni ya kemikali ya BASF, zile punje punje nyeupe zilizogandishwa pamoja. Inadumu, inarudisha nguvu vizuri, baridi haiisumbui sana, lakini ni nzito na uzito huo utausikia.

PEBA ndo ile nyepesi yenye mruko, ilianza kujulikana kwa raba za mashindano kama Nike Vaporfly ya 2017, siku hizi inashuka mpaka kwenye raba za kila siku. Ni tamu kukimbilia kwa kweli, ila ni ghali na ikiwekwa nyingi bila kitu cha kuishikilia inayumba pembeni.

Alafu kuna hizi wanazoingiza gesi kama naitrojeni ndani ya foami kwa presha kubwa, badala ya kutumia kemikali ya kuumua. Matokeo yake foami inakua nyepesi na ina mruko zaidi hata kama ni EVA ile ile. Kwa hiyo usikariri kwamba EVA ni mbovu na PEBA ni nzuri, namna ilivyopikwa na umbo la soli vinachangia sana. Kila kampuni inaipa foami yake jina la kishujaa la kwenye matangazo, hilo jina lisikutishe, tafuta ni malighafi gani.

Dropu ni nini na kwa nini nijali?

Ni tofauti ya unene kati ya kisigino na mbele ya raba. Kisigino kikiwa milimita 38 na mbele 30, dropu ni 8. Brooks Ghost kwa miaka mingi ilikua na 12, Hoka nyingi zinacheza 4 au 5, Altra nyingi ni sifuri.

Dropu kubwa inaupa goti kazi zaidi kidogo, dropu ndogo inapeleka kazi kwenye kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino. Hamna iliyo sahihi kwa wote. Hatari ipo kwenye kubadilisha ghafla, mtu amezoea 12 miaka yote anaingia kwenye 0 na siku hiyo hiyo anapiga mbio zake ndefu, kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume. Ukitaka kuhama, anza na dakika chache za mbio nyepesi, siku nyingine endelea na raba zako za zamani, na ujipe wiki kadhaa.

Na unene wa soli wenyewe?

Siku hizi raba nyingi za kila siku zinafika milimita 35 mpaka 40 na kitu kisiginoni. World Athletics (shirikisho la riadha la dunia) mwaka 2020 waliweka kikomo cha milimita 40 kwa raba za mashindano ya barabarani, ila hiyo inamhusu anayeshindana chini ya kanuni zao, kwenye mazoezi vaa unene unaotaka. Kitu cha kuangalia ni upana, soli ikiwa nene inatakiwa iwe na kitako kipana pia. Nene na nyembamba kwa pamoja siipendekezi kwa mtu yeyote anayekimbia kwenye njia yenye mashimo.

Kwa hiyo foami nyingi inazuia majeraha au haizuii?

Inasaidia kiasi, na sio kwa namna watu wanavyofikiria. Watafiti wa Luxembourg walichukua wakimbiaji wa kawaida 848, wakawagawia raba zinazofanana kila kitu isipokua ugumu wa soli, wakawafuatilia miezi 6. Waliopewa ngumu walikua na hatari ya kuumia kama mara moja na nusu ya waliopewa laini, matokeo yalitoka 2020. Cha kushangaza, faida ilionekana zaidi kwa watu wepesi, kwa wazito haikuonekana wazi. Wengi tungedhani ni kinyume.

Ila ukiongeza kilomita kwa pupa hamna foami itakayokuokoa, hilo liko wazi.

Mi ni mzito, nitafute ile laini kuliko zote?

Usikimbilie huko. Mtu mzito anaibonyeza foami laini mpaka mwisho na baada ya wiki chache inabaki bapa. Tafuta foami iliyoshiba, inayosukuma ukiikanyaga, kitako kipana, na mpira wa kutosha chini. Ukiweza kuikimbilia hata dakika mbili kabla ya kulipa, sikiliza kama kisigino kinagusa kitu kigumu pale unapotua. Kikigusa, iache.

Saizi naijuaje?

Jaribu mchana ukielekea jioni maana miguu hua inavimba kidogo kadri siku inavyoenda, na ukikimbia pia inavimba, vaa soksi zile zile unazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (sio lazima kiwe kile kikubwa) ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Pima miguu yote miwili, karibu kila mtu ana mmoja mrefu kidogo, nunua ya ule mrefu.

Upana watu wanausahau. Toa ile soli ya ndani inayochomoka, iweke chini uikanyage, kama nyama ya mguu inamwagika pembeni basi hiyo raba ni nyembamba kwako, usiongeze namba ili kupata upana, tafuta toleo pana. Kwa wanaume upana wa kawaida huandikwa D, mpana ni 2E, mpana zaidi 4E. Kwa wanawake wa kawaida ni B na mpana ni D. Kucha nyeusi na vidole kufa ganzi mara nyingi vinaanzia hapa, na mtu anaenda kuilaumu foami bure.

Kisigino kinachezacheza, nirudishe?

Jaribu kwanza lile tundu la mwisho la kamba ambalo wengi hawaligusi. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande ule ule ili itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, alafu vusha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini na ufunge kawaida. Kisigino kinashikika bila kubana juu ya mguu. Kikiendelea kutoka hata baada ya hapo, hilo umbo sio lako.

Kabla ya kulipa nifanye nini cha haraka?

Weka pea yote juu ya meza iliyonyooka uangalie kwa nyuma, ikiwa moja imelala upande hiyo imetoka kiwandani hivyo. Pitisha mkono ndani utafute mshono au gundi iliyojitokeza. Bonyeza ile sehemu ngumu ya nyuma inayokumbatia kisigino, kwa mtu anayependa kutulia iwe na ukakamavu. Pindisha raba, ijikunje pale vidole vinapojikunja na sio katikati, kwenye tao la unyayo. Zile zenye soli iliyopinda kwenda juu mbele hazijikunji sana, zenyewe zinakubiringisha kwenda mbele, usizikatae kwa sababu hiyo.

Alafu simama kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo kama unataka kukaa. Hapo ndo utaona kama unatetemeka. Hilo jaribio dogo mi naliamini kuliko kutembea tembea mbele ya kioo.

Nishanunua, sasa naipima vipi?

Usitoe hukumu siku ya kwanza. Foami nyingi zinalegea kidogo kwenye kilomita za mwanzo, na akili nayo siku ya kwanza inafurahia kitu kipya, kila raba mpya ni tamu. Siku ya kwanza angalia mambo mawili tu, kama kuna sehemu inachoma na kama kuna ganzi.

Baada ya hapo ipe kazi tofauti. Mbio nyepesi za dakika 40 hivi. Mbio ndefu. Siku nyingine ongeza spidi kwa sekunde 20 mara kadhaa uone kama inakubali au inakua kama unakimbia kwenye mchanga. Kata kona. Shuka mlima, maana kwenye kushuka ndo kisigino kinafanya kazi haswa na vidole vinasukumwa mbele. Pita kwenye lami iliyolowa.

Na hapa ndo pa muhimu: ipime ile theluthi ya mwisho ya mbio ndefu. Ukiwa bado una nguvu, misuli inaficha madhaifu yote ya raba, ukichoka hatua zinakua nzito, kifundo kinalegea, ndo unajua kama ile soli inakushikilia au inakuachia. Sikiliza mlio, zikianza kupiga pwaa pwaa wakati mwanzo zilikua kimya kuna kitu. Kesho yake asubuhi jiulize ni wapi panauma. Uchovu wa kawaida uliosambaa miguu yote hauna shida, ila maumivu ya sehemu moja, mguu mmoja, ugoko au ndani ya goti, yanayokuja kila ukivaa pea hiyo na kupotea ukivaa nyingine, hayo ni majibu tosha.

Hukumu kamili itoe ikishapita kilomita 100 au 150. Hapo foami imeshakaa na unaona kama mpira wa chini unaliwa haraka.

Mguu wangu unalalia ndani, lazima nivae raba za kurekebisha?

Mguu kulalia ndani kidogo ukitua ni kawaida, ndo namna mwili unavyopunguza kishindo. Ule mtindo wa kulowesha unyayo, kukanyaga karatasi na kuchaguliwa raba kulingana na alama ya tao umepimwa kwenye tafiti kubwa za wanajeshi wa Marekani, na waliochaguliwa raba hivyo hawakuumia pungufu ya wengine kwa namna ya maana. Raha ya mguu ukiwa unakimbia ni kigezo kizuri zaidi kuliko alama ya maji. Kama unahisi unahitaji kushikiliwa, siku hizi raba nyingi zinafanya hivyo kimya kimya kwa kitako kipana na kingo za foami zilizopanda juu pembeni, sio lazima kile kipande cha foami ngumu upande wa ndani kama zamani. Ila kama una maumivu yasiyoisha nenda kwa mtaalamu wa mifupa au mazoezi ya viungo, raba sio dawa.

Uzito una maana kiasi gani?

Kanuni inayotumika ni kwamba kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila raba zinakula kama asilimia 1 ya nishati. Kwa mbio nyepesi tofauti ya gramu 20 sahau.

Zinakaa kilomita ngapi?

Kwa kawaida 500 mpaka 800. Mtu wa kilomita 40 kwa wiki hiyo ni kama wiki 12 mpaka 20. Mtu mwepesi anayetua kwa upole anaweza kupita hapo, mzito anayeburuza kisigino hafiki. Usisubiri zitoboke. Angalia mikunjo mingi ya mlalo kwenye foami pembeni isiyorudi hata zikipumzika, angalia pale mpira ulipoisha na foami inagusa chini, na ziweke mezani tena uone kama zimelala. Dalili ninayoiamini zaidi ni mwili, vigimbi na magoti vikianza kulalamika bila wewe kubadilisha chochote kwenye mazoezi, angalia raba kwanza.

Pea moja inatosha au mbili?

Kama uwezo upo, mbili za tabia tofauti. Watafiti hao hao wa Luxembourg, kwenye utafiti wa 2015 wenye wakimbiaji 264, waliona wanaobadilisha raba zaidi ya moja walikua na hatari ndogo ya kuumia kwa karibu asilimia 39. Sio ushahidi wa mwisho maana hawakugawiwa, ni tabia zao wenyewe, labda wanaobadilisha ni watu makini tangu mwanzo. Lakini mantiki ipo, raba tofauti inachosha sehemu tofauti. Plus pea moja inapata muda wa kukauka.

Naweza kuzitumia jimu au kwenye mpira?

Kunyanyua vyuma vizito hapana, foami inabonyea na unayumba ukiwa na mzigo. Mpira ndo kabisa usijaribu, soli nene na kukata kona ghafla ni kifundo kuteguka. Kutembea sawa, ila ujue hizo hatua nazo zinaila soli.

Toleo jipya limetoka, la zamani nilinunue?

Mara nyingi ndiyo, hasa likishushwa bei na wewe unalijua. Kila mwaka au zaidi kidogo namba inapanda, saa zingine wamebadilisha kitambaa cha juu tu, saa zingine wamebadilisha foami na dropu na jina likabaki lile lile, hapo ni raba nyingine kabisa. Usinunue toleo jipya kwa mazoea bila kusoma kilichobadilika. La zamani nalo kagua gundi pale soli inapokutana na kitambaa, kama lilikaa stoo ya joto muda mrefu inaweza kuwa imekauka.

Nisome vipi maoni ya watu mtandaoni?

Tafuta vitu vinne kwenye maoni: uzito wa aliyeandika, peisi yake (dakika anazotumia kwa kilomita moja), njia anayokimbilia, na amezikimbilia kilomita ngapi. Bila hivyo maneno kama "laini sana" hayana maana, laini kwa mtu wa kilo 55 ni kitu kingine kwa mtu wa kilo 90. Maoni ya mtu aliyepita kilomita 300 hata akiandika mistari mitatu nayasoma kwa makini kuliko video ndefu ya kufungua boksi. Na malalamiko yanayojirudia kwa watu tofauti, mfano ulimi unateleza pembeni au kamba hazishiki, hayo yaamini.

Zinanibana kidogo, nivumilie mpaka zizoee?

Foami inazoea, kitambaa nacho kinalegea kidogo sana, urefu hauongezeki kamwe. Kama zinabana ukiwa umesimama tu, kwenye kilomita ya 15 itakua malengelenge. Rudisha zikiwa bado safi.

Naziosha vipi?

Kwa mkono, maji ya kawaida, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, toa kamba na soli ya ndani uzioshe pembeni. Mashine ya kufulia sio kitu cha kuzoea na mashine ya kukaushia kabisaa usiguse, joto linaua gundi na foami. Jaza karatasi kavu ndani zinyonye maji, uzibadilishe zikilowa, weka kivulini penye upepo. Usizianike kwenye jua kali na usiziache kwenye gari lililofungwa mchana.